Nchi Jirani: Msumbiji na Mwalimu wa Miezi Sita

Ndugu wasikilizaji wa majeshi yetu ya ulinzi na wa Jeshi la Polisi,

Tukizungumzia nchi jirani tumezoea kutaja mipaka, bandari, reli na mikutano ya wakuu wa nchi. Leo tutavuka mto Ruvuma kumtazama mtu ambaye hatajwi sana katika taarifa za habari, naye ni mwalimu wa shule ya msingi wa Msumbiji. Tutatazama jinsi alivyoandaliwa kwa kazi yake, nani alimwandaa na kwa muda gani, na ilikuwaje siku alipopimwa.

Habari hii si ngeni kwenu. Kila mmoja wenu alipita depo kabla ya kukabidhiwa silaha au kituo. Kila mmoja anafahamu kwamba muda wa kuruta haukuwekwa kwa kubahatisha, na kwamba vita inapopamba moto makamanda hulazimika kuukata muda huo, wakijua kabisa kwamba gharama yake italipwa baadaye, mahali pengine, pengine na mtu mwingine. Kwa nusu karne sasa ndugu zetu wa Msumbiji wamekuwa wakikata na kurefusha muda wa kumwandaa mwalimu, na hesabu ya gharama hiyo bado haijafungwa.

Yatupasa kuanza na Wareno, kwa sababu wao ndio walioacha shimo. Mwaka 1940 serikali ya Ureno ilifanya mkataba na Baba Mtakatifu, na kwa mkataba huo na kanuni za kimisheni zilizofuata mwaka 1941, elimu ya Mwafrika wa Msumbiji ilikabidhiwa kwa Kanisa Katoliki. Watoto wa Wareno na wa wachache walioitwa wastaarabu walikuwa na shule zao za serikali. Mwafrika wa kijijini alipewa shule ya awali, ambayo kazi yake ilikuwa kumfundisha sala, Kireno kidogo na kilimo. Chuo cha kuwaandaa walimu Waafrika kilikuwepo Alvor, karibu na Manhiça kusini mwa nchi, lakini wahitimu wake walikuwa tone katika bahari. Katika shule nyingi za vijijini aliyesimama mbele ya watoto alikuwa katekista au msaidizi ambaye mwenyewe alikuwa amesoma miaka minne. Matokeo ya siasa hiyo yanajulikana. Wakati wa uhuru, tarehe 25 Juni 1975, watu 93 kati ya kila 100 nchini Msumbiji walikuwa hawajui kusoma wala kuandika.

Lakini kabla ya uhuru palikuwa na shule nyingine, na baadhi yake zilikuwa katika ardhi yetu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Taasisi ya Msumbiji mjini humo, ikiongozwa na Bibi Janet Mondlane, mke wa rais wa kwanza wa chama hicho. Wazee wa Tunduru wanawakumbuka watoto wa Msumbiji waliosoma huko. Wale wa Bagamoyo wanaikumbuka shule ya sekondari ya FRELIMO. Wa Nachingwea hawahitaji kukumbushwa kitu, kwani kambi ile ilijulikana na kila askari wa kizazi kile.

Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Kadiri wapiganaji walivyosonga mbele katika Cabo Delgado, Niassa na baadaye Tete, walifungua shule katika maeneo yaliyokombolewa, chini ya miti, watoto wakiwa tayari kukimbilia msituni ndege za Wareno zikisikika. Waliofundisha katika shule hizo walikuwa vijana waliomaliza madarasa machache tu. Aliyejua darasa la nne alimfundisha wa darasa la pili. FRELIMO iliwapitisha katika kozi fupi, kisha ikawarudisha. Hapakuwa na njia nyingine, wala hakuna aliyedai kwamba hao ni walimu waliokamilika. Lakini walikuwa na kitu kimoja ambacho chuo hakiwezi kumpa mtu, nacho ni kwamba waliishi na wanakijiji, walilima nao, na walijua kwa nini wako pale.

Ugomvi juu ya jambo hili ulianza mapema. Uongozi wa FRELIMO uliamua kwamba wanafunzi wa Taasisi ya Dar es Salaam wakatishe masomo kwa muda ili wakatumike ndani ya nchi, pamoja na kufundisha. Baadhi yao wakakataa. Waliona kwamba msomi wa sekondari hawezi kupelekwa porini kama kuruta. Mwezi Machi 1968 fujo ilizuka na masomo ya sekondari yakafungwa. Shule ilipofufuliwa mwaka 1970 ilifufuliwa Bagamoyo, kwa nidhamu nyingine kabisa. Naibu mkuu wake baadaye alikuwa msichana aliyeitwa Graça Simbine, ambaye dunia ingemjua kwa jina la Graça Machel.

Uhuru ulipofika, huyo Graça aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu akiwa na umri wa miaka 29. Alikabidhiwa nyumba iliyohamwa. Wengi wa Wareno wapatao 200,000 walikuwa wakifungasha na kuondoka, na pamoja nao walimu wao, wakufunzi wao, makarani wa elimu na hata watu waliojua mahali funguo za stoo ya vitabu zilipowekwa. Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, shule zote zilitaifishwa, za misheni na za watu binafsi. Watoto wakafurika. Katika muda wa miaka minne hivi idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliongezeka karibu maradufu, kutoka takriban 700,000 mpaka zaidi ya 1,300,000.

Sasa tujiweke katika nafasi ya serikali ile. Watoto wako mlangoni na wazazi wamengojea miaka 400. Je, uwaambie wangoje miaka mitatu mingine mpaka walimu wamalize chuo? Msumbiji ilijibu hapana. Vituo vya kuwaandaa walimu wa shule za msingi vilifunguliwa mikoani, na kozi za kwanza zilikuwa za miezi sita. Waliochukuliwa ni waliomaliza darasa la nne, na baadaye darasa la sita. Baada ya muda kozi ikarefushwa kuwa mwaka mmoja juu ya darasa la sita. Kijana wa miaka 16 au 17 alitoka huko na kwenda kukutana na watoto 60 au 70 katika chumba kimoja, katika kijiji ambacho pengine hakuwahi kukisikia.

Tarehe 8 Machi 1977 Rais Samora Machel aliwaita vijana wa madarasa ya juu ya sekondari akawatangazia kwamba masomo yao ya kawaida yamesimamishwa. Badala ya kuendelea moja kwa moja na Chuo Kikuu, waligawanywa kwa majukumu: wengine jeshini, wengine viwandani na katika kilimo, na wengi wakawa walimu wa sekondari kwa wadogo zao. Kizazi hicho mpaka leo kinaitwa Kizazi cha Machi Nane. Wako miongoni mwao wanaojivunia, na wako wanaosema kwamba walinyang'anywa ujana wao na fani walizozipenda. Sauti zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Ni ule ugomvi wa Dar es Salaam wa mwaka 1968, ila safari hii serikali ilikuwa na nchi nzima mkononi, na kukataa haikuwa rahisi.

Maoni yetu ni kwamba uamuzi wa mwaka 1975 ulikuwa sahihi. Kipimo chake ni kile cha kamanda aliyezingirwa, ambaye hupigana na watu alionao. Sensa ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wameshuka kutoka 93 mpaka kama 72 kwa kila 100. Kushusha namba hiyo kiasi hicho kwa miaka mitano, kwa walimu wa miezi sita, si jambo la kubezwa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha starehe.

Wala sisi hatuna ruhusa ya kuwacheka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 Tanzania iliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977, sio 1989 kama ilivyokusudiwa kwanza. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Tukawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, tukawapeleka shuleni wakafundishe huku wakijifunza kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya Redio Tanzania na kwa wakufunzi waliowatembelea vijijini. Zaidi ya vijana 40,000 walipita njia hiyo. Wananchi, kwa ulimi wao usiokosa utani, wakazigeuza herufi U, P na E kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani ule uliwaumiza wengi walioamka alfajiri kusikiliza somo redioni, wakaenda darasani, wakarudi kuandika kazi zao kwa kibatari. Lakini utani hauzaliwi bila sababu.

Ipo tofauti moja ya kutajwa. Kijana wetu wa UPE, hata kama elimu yake ilikuwa ndogo, alifundisha kwa Kiswahili. Mwenzake wa Msumbiji alifundisha kwa Kireno, lugha ambayo sensa ya mwaka 1980 ilionyesha kuwa ni lugha ya mama ya mtu 1 hivi katika kila 100. Mwalimu aliyesoma miaka sita kwa Kireno cha kukariri alisimama mbele ya watoto waliozungumza Kimakua, Kisena, Kimakonde au Kishangani, akawafundisha kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nayo. FRELIMO ilikuwa na sababu ya kisiasa ya kuchagua Kireno: chama kilichounganisha makabila mengi kiliogopa kuonekana kupendelea moja. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini mzigo wake aliubeba mwalimu wa miezi sita, na hakuna chuo kilichomfundisha namna ya kuubeba.

Mwaka 1983, kwa sheria namba 4 ya mwaka huo, Msumbiji iliweka Mfumo wa Taifa wa Elimu. Ndani ya mfumo huo kuandaa walimu kulipewa nafasi ya peke yake, sambamba na elimu ya jumla, ya watu wazima, ya ufundi na ya juu. Kozi ya walimu wa shule za msingi ikakusudiwa kurefushwa mpaka miaka mitatu. Mwaka 1985 ikaanzishwa Taasisi ya Juu ya Ualimu mjini Maputo, ambayo mwaka 1995 ilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Ualimu. Kwenye karatasi, dharura ilikuwa imekwisha na kazi ya kudumu imeanza.

Vita ndivyo vilivyoichana karatasi hiyo. RENAMO, au MNR kama walivyoitwa wakati ule, walianzishwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, na baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980 wakachukuliwa na makaburu wa Afrika Kusini. Shabaha zao zilijulikana: reli, zahanati, duka la kijiji na shule. Mwalimu alikuwa mtumishi wa serikali aliyekaa mbali kuliko wote na mwenye ulinzi mdogo kuliko wote. Walimu waliuawa, walitekwa, walilazimishwa kubeba mizigo ya wavamizi. Kati ya mwaka 1983 na mwaka 1992 zaidi ya nusu ya shule za msingi za nchi hiyo ama zilibomolewa ama zilifungwa. Mkataba wa Nkomati wa Machi 1984 haukuzuia chochote, na mwezi Oktoba 1986 Rais Samora akafa katika ajali ya ndege huko Mbuzini.

Mnajua vizuri kuliko sisi sehemu inayofuata, kwa kuwa baadhi yenu, au waliowatangulia katika vikosi vyenu, walikuwako. Kati ya mwaka 1987 na 1988 askari wa Jeshi la Wananchi walikuwa Zambezia, bega kwa bega na majeshi ya Msumbiji, na waliolala huko wamezikwa kwa heshima Naliendele, Mtwara. Mji ulipokombolewa, watu waliporudi kutoka msituni, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyauliza ni kama mwalimu yupo.

Amani ilitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Hapo ndipo ilipokuja nafasi ya kweli ya kutengeneza mambo kwa utulivu, na mwanzoni ilitumiwa. Kuanzia mwaka 1996 zilifunguliwa taasisi mpya za ualimu zilizochukua vijana waliomaliza darasa la kumi na kuwafundisha miaka miwili. Shule za jirani zilipangwa katika makundi, na kila kundi likiwa na shule moja mama ambako walimu walikutana kusaidiana, kutazama masomo ya wenzao na kuandaa mitihani. Mpango huo wa makundi ulikuwa na asili yake katika miaka ya kwanza ya uhuru, na kwa maoni yetu ni moja ya vitu bora ambavyo Msumbiji ilibuni katika elimu. Haudai majengo wala fedha nyingi. Unamtaka mkuu wa kundi atembee, aingie darasani, akae nyuma, atazame na aseme. Pale alipotembea, mwalimu aliyeandaliwa haraka aliendelea kuandaliwa. Pale aliposubiri pikipiki ambayo haikufika, kundi lilibaki jina.

Kisha mafuriko yakarudi. Mwaka 2004 mtaala mpya wa elimu ya msingi ulianza, na katika kipindi hicho hicho karo za shule za msingi ziliondolewa. Wanafunzi wa ngazi ya kwanza ya msingi, ambao walikuwa milioni 1 na ushei vita vilipokwisha, walizidi milioni 4 kabla ya mwaka 2010 kufika. Mwaka 2005 mwalimu mmoja alikuwa na watoto zaidi ya 70. Wakati huo huo wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wameishauri serikali iweke kikomo cha mishahara ya watumishi, kwa hiyo hata mwalimu aliyekwisha hitimu hakuwa na hakika ya kuajiriwa. Mwalimu wa mafunzo marefu alikuwa na daraja la juu na mshahara mkubwa zaidi. Wa mafunzo mafupi alikuwa na bei nafuu.

Mwaka 2007 Msumbiji ikarudi kwenye kozi ya mwaka mmoja juu ya darasa la kumi.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwamba mwaka 2007 ulikuwa sawa na mwaka 1975. Mwaka 1975 nchi haikuwa na vyuo, haikuwa na wakufunzi, na ilikuwa na maadui kwenye mpaka mrefu. Mwaka 2007 vyuo vilikuwepo, wakufunzi walikuwepo, amani ilikuwepo kwa miaka 15. Mpango wa dharura uliochukuliwa kwa sababu ya hesabu za mshahara ulidumu kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo ndio uliokuwa njia kuu ya kuingilia ualimu wa msingi. Askari anafahamu tofauti kati ya kufupisha mafunzo kwa sababu adui amevuka mto na kuyafupisha kwa sababu mhasibu wa wizara amesema hivyo.

Je, walimu hao walipimwa? Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa kimoja tu, yaani idadi ya waliohitimu kila mwaka. Ripoti zilisema wamehitimu elfu kadhaa, uwiano umeshuka kutoka 70 mpaka 60 na kitu, na kila aliyesoma ripoti alitabasamu. Hicho ni kipimo cha gwaride. Kinaonyesha watu wangapi wamesimama uwanjani, ila hakionyeshi nani anayejua kulenga shabaha.

Mwaka 2014 kipimo cha shabaha kilifanyika. Benki ya Dunia, pamoja na Wamsumbiji wenyewe, ilipeleka wakaguzi katika shule zipatazo 200 za mikoa mbalimbali. Walifanya mambo ambayo mkaguzi wa kawaida hayafanyi. Walifika bila taarifa, wakahesabu walimu waliokuwepo, wakatazama nani yuko darasani na nani yuko uani, kisha wakawapa walimu kazi za Kireno na hesabu za kiwango cha wanafunzi wanaowafundisha, wazisahihishe.

Walimu 45 kati ya kila 100 hawakuwepo shuleni siku wakaguzi walipofika bila taarifa. Mtoto, ambaye kwa ratiba alipaswa kupata zaidi ya saa nne za masomo kwa siku, kwa kweli alikuwa akipata chini ya saa mbili. Na katika kazi zile za kusahihisha, walimu waliofikia alama 80 kwa 100, yaani kiwango kilichohesabiwa kuwa cha chini kabisa kwa mtu anayefundisha, walikuwa 1 kati ya kila 100.

Rudieni namba hiyo ya mwisho: mmoja katika mia.

Upande wa watoto ulipimwa na Wamsumbiji wenyewe kupitia Taasisi ya Taifa ya Ukuzaji wa Elimu, INDE. Mwaka 2013 iligundua kwamba ni watoto 6 hivi tu kati ya kila 100 wa darasa la tatu waliofikia kiwango cha kusoma kinachotakiwa kwa darasa hilo. Ilipopima tena mwaka 2016 ikakuta wameshuka na kuwa pungufu ya 5. Taasisi hiyo haikuficha matokeo, nayo yastahili kusifiwa. Si kila taasisi ya umma katika bara hili ingetoa namba ya namna hiyo kwa mara ya pili baada ya kuona ya kwanza.

Wapo walioshika namba hizo wakamnyooshea kidole mwalimu: mvivu, mtoro, hana wito. Utoro upo, na hauna utetezi. Askari asiyeonekana lindoni haulizwi kwanza kuhusu mshahara. Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu utoro na kutojua ni makosa ya aina mbili, na hayana dawa moja. Mwalimu ambaye hakuwepo alishindwa na nidhamu, na mkuu wake alishindwa na usimamizi. Mwalimu aliyekuwepo na hakuweza kusahihisha insha ya mtoto wa darasa la nne hakushindwa na nidhamu. Huyo alichukuliwa akiwa na darasa la kumi lililojaa mapengo, kwa sababu shule zilizomfundisha zilikuwa zile zile za walimu wa haraka. Akawekwa chuoni mwaka mmoja, akafundishwa mbinu za kufundisha hesabu asizozijua, akapewa cheti na serikali iliyohitaji namba. Kumfokea huyo ni kumfokea kuruta ambaye hakuwahi kupewa risasi za mazoezi.

Lawama nyingine ilikwenda vyuoni, nayo ina uzito. Imelalamikiwa mara kwa mara kwamba wakufunzi wengi wa vyuo vya ualimu wa msingi walitoka Chuo Kikuu moja kwa moja, wakiwa na shahada za masomo ya sekondari, bila ya kuwahi kumfundisha mtoto wa miaka sita kushika penseli. Mazoezi ya kufundisha yaliwekwa mwishoni mwa kozi, yakiwa mafupi, na mara nyingi bila mtu wa kumtazama mwanachuo akifundisha. Kama Monduli ingekuwa na wakufunzi ambao hawajawahi kuongoza platuni, tusingeshangazwa na maofisa wake.

Ndiyo sababu hatukubaliani moja kwa moja na wale wanaodhani kwamba kurefusha kozi ndiyo dawa yenyewe. Msumbiji iliwahi kuwa na kozi ya miaka mitatu katika miaka ya 1980, na mwaka 2012 ikaijaribu tena juu ya darasa la kumi, sambamba na ile ya mwaka mmoja. Miaka mitatu ya kuandika notisi ubaoni inamtoa mwalimu mwenye madaftari mengi. Muda una maana pale unapotumiwa kwa mambo mawili: kuziba mapengo ya elimu yake mwenyewe, na kumweka mbele ya watoto halisi mara nyingi, mtu mwenye uzoefu akiwa amekaa nyuma.

Juu ya lugha mambo yamekwenda taratibu, ila yamekwenda. Kati ya mwaka 1993 na 1997 lilifanywa jaribio la kufundisha kwa Kishangani mkoani Gaza na kwa Kinyanja mkoani Tete, kisha kuingiza Kireno hatua kwa hatua. Watoto walishiriki zaidi darasani, nao wazazi ambao mwanzoni walikuwa na wasiwasi walianza kuuliza maswali ya maana. Mtaala wa mwaka 2004 ukafungua mlango kwa lugha 16 za nchi. Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya vyuo kuandaa walimu wa kuupitia, na kwa miaka mingi mwalimu alipangiwa darasa la lugha mbili kwa sababu tu alizaliwa akiongea lugha ile. Kuzungumza Kimakonde na kufundisha kusoma kwa Kimakonde ni kazi mbili tofauti. Sisi tunaokitumia Kiswahili tangu utoto tunajua ni wangapi kati yetu wangeweza kumfundisha mtoto asiyejua herufi.

Mwezi Desemba 2018 Msumbiji ilipitisha sheria mpya ya elimu, sheria namba 18 ya mwaka huo, iliyofuta ile ya mfumo wa zamani na kufanya elimu ya msingi ya lazima kuwa ya miaka tisa. Pamoja na mabadiliko hayo ikaanzishwa kozi mpya ya ualimu, ambayo inamtaka mtu amalize darasa la kumi na mbili kwanza, kisha asome miaka mitatu. Hii ni ngazi ya juu kuliko zote zilizowahi kutakiwa kwa mwalimu wa shule ya msingi katika historia ya nchi hiyo. Wale wa darasa la nne na miezi sita, kama wangali hai, ni wazee sasa.

Tusijidanganye kwamba njia za mkato ni ugonjwa wa jirani peke yake. Nchini mwetu, shule za sekondari za kata zilipoota kama uyoga mwaka 2006, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha, nao wananchi hawakukawia kuwabatiza majina. Hata kozi yetu ya ualimu wa msingi, katika miaka ya mwanzo ya mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, ilikatwa ikawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Mwaka ule wa shuleni ulikuwa na manufaa pale tu mkufunzi alipomfuata mwanachuo huko alikopelekwa.

Na huko Cabo Delgado, mkoa ambao watoto wa FRELIMO walisomea chini ya miti, shule zimewaka moto tena. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwezi Machi 2021 waliingia Palma. Watu karibu milioni moja walikuwa wamehama makwao wakati mgogoro ulipofikia kilele, na katika msafara huo walimu waliondoka pamoja na wanafunzi wao. Majeshi ya Rwanda na ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, askari wa Tanzania wakiwamo, yaliingia Julai 2021. Jeshi la Jumuiya lilimaliza kazi yake Julai 2024.

Watu walianza kurudi Palma na Mocímboa da Praia mwaka 2022, na shule zikafunguliwa tena moja baada ya moja, nyingine zikiwa hazina paa wala madawati. Miongoni mwa waliorudi kufundisha wapo wenye cheti cha mwaka mmoja cha ule mpango wa mwaka 2007. Walikimbia pamoja na wanakijiji, wakakaa nao katika kambi za waliohamishwa, na sasa wamerudi darasani.